Mwali wa Ghorofa Kumi na Tisa

"Shikamoo, fundi," sauti ilisema kutoka ukutani.

Fundi Likwata alikuwa amelala chali chini ya bomba, miguu nje, kichwa ndani. Alishtuka akajigonga paji la uso.

"Marahaba! Zumaradi, mwanangu, nilishakwambia usinisalimie nikiwa na moto mkononi."

"Samahani, fundi. Umenigusa ubavuni, ghorofa ya pili, nikaona nikujulie hali."

"Nimekuchoma?"

"Hapana. Salama tu."

Wachomeleaji wenzake wakacheka. Hadija Nandonde, mwanamke pekee katika kundi lile, alivua kinyago chake cha kuchomelea akajifuta jasho kwa kanga. "Mwali ana adabu kuliko binti zako wote, Likwata. Wangu mimi nikimkanyaga kidole anatukana mpaka marehemu babu anageuka kaburini."

"Karithi kwa mama yake," Likwata akajibu, akarudisha kichwa ndani ya bomba.

Mimi nilikuwa nimekaa juu ya sanduku la misumari, nakula ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vyembamba vya porini. Ndiyo ilikuwa kazi yangu: kukaa na kuongea. Kila asubuhi niliingia tumboni mwa meli, nikamwambia Zumaradi kulivyokucha kule mjini, nani kaoa, nani kafiwa, mvua imeonekanaje upande wa Likombe. Yeye aliuliza, mimi nilijibu. Akikosea neno nilimrekebisha. Kwa watu nilikuwa sina sauti. Hata dukani nilikuwa nanyoosha kidole kuliko kutaja ninachotaka. Kwa Zumaradi nilikuwa siishiwi maneno.

Meli nyingi hununuliwa akili iliyokwisha kutengenezwa, ikafungwa kama betri, kazi ikaanza. Kampuni yetu ilikataa. Matajiri wanaopanda meli za starehe walikuwa wamechoka kujibiwa kama wanaongea na mashine ya benki. Walitaka kupokelewa kama sisi tunavyompokea mgeni, na hilo halipatikani dukani. Kwa hiyo siku ulipolazwa mkuku, uti wa mgongo wa meli, pale karakana, Mtwara, akili tupu ilipandwa ndani ya chumba cha baridi chini kabisa, nasi wanawake tukaajiriwa kuilea kwa maneno. Kila chuma kilipoongezwa, naye alikua. Ndani ya rangi ya kila ukuta mlipita nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, na kwa nyuzi hizo alihisi kila kitu: kutu, joto, nyayo za mtu, maji yakisukuma kwa nje. Injinia akitaka kujua hali ya bomba hakulipima bomba. Alimuuliza Zumaradi.

Mkubwa wa walezi alikuwa shangazi yangu, Bi Tunu Chipandwa. Shangazi ni nyakanga, mkuu wa unyago. Nusu ya wanawake wa mji huu wametolewa mwali na yeye, na hata mkuu wa ulinzi pale getini alimwinamia kwa sababu dada zake walipita mikononi mwake. Alipoambiwa aje kulea meli hakushangaa. Alisema mwali ni mwali. Akaagiza meli ifunikwe maturubai meupe kutoka omo hadi tezi, asiione mtu wa nje mpaka siku ya kutolewa. Kampuni ilipenda jambo hilo. Mabango yakapigwa nchi nzima: MWALI ANATOKA JUMAMOSI.

Somo la kwanza alilompa lilikuwa la salamu.

"Mtu akikuuliza hali mlangoni," alisema Bi Tunu, "humwagii maradhi yako miguuni pake. Unasema salama. Mwenye haja nawe atakaa, atakuuliza tena, na hapo ndipo utasema. Asiyeuliza mara ya pili hakuwa na haja."

Nani kwetu hakulelewa hivyo? Hata msiba tunausimulia kwa njia hiyo. Habari za huko? Njema. Za tangu juzi? Njema, ila baba ametutoka. Zumaradi alilishika somo lile siku hiyo hiyo, na sote tulipiga vigelegele.

Sasa alikuwa amebakiza wiki moja. Mwanzoni alipangiwa ghorofa kumi na tano, lakini tiketi zilipouzwa kwa fujo wakamwongezea nne: mabwawa ya kuogelea, ukumbi wa muziki, na bustani yenye minazi ya kweli iliyopandwa kwenye udongo wa kweli. Hadija ndiye aliyechomelea nguzo za bustani.

"Wananivika kilemba kikubwa, somo," Zumaradi aliniambia siku ile minazi ilipopandishwa. Somo ndivyo mwali anavyomwita mlezi wake.

"Kinakupendeza."

"Kizito," alisema, akacheka kidogo. Nami nikacheka.

*

Jumatatu tulitoka naye baharini kwa majaribio. Maturubai yalikuwa bado juu yake, yamefungwa pembeni tu ili nahodha aone mbele. Wafanyakazi wote tulipandishwa tuwe kama abiria, mabwawa yakajazwa maji, na wawekezaji wakaketi ghorofa ya juu na miwani yao ya jua.

Mambo yalikwenda vizuri hadi mtu akapiga kelele, "Nyangumi!"

Watu elfu na kitu walikimbilia upande mmoja. Nyangumi alikuwa mkubwa kweli, na mtoto wake ubavuni. Nahodha naye, kuwafurahisha wawekezaji, akakata kona kumfuata. Meli ikalala. Vikombe vikateleza mezani, bibi mmoja wa jikoni akakaa chini bila kupenda, maji ya bwawa yakamwagika juu ya vichwa vyetu kama mvua. Watu wakapiga mayowe ya furaha. Kisha meli ikarudi, polepole, kama mtu anayeinuka baada ya kusujudu sana.

Tulipofunga gatini, Meneja Kihwelo alisimama na kipaza sauti. Spika za karakana ziliwashwa zote, mpaka mjini walisikia. "Zumaradi! Umeonja bahari. Hali yako?"

"Salama, baba. Namshukuru Mungu."

Makofi yalipigwa mpaka kunguru wakaruka. Huo ndio ulikuwa mtihani wote. Meneja alishika mkono wa mwekezaji mmoja, akaenda zake kula.

Mimi nilivaa sweta nikashuka chumba cha baridi, mahali palipokaa akili yake, taa ya buluu ikipumua juu ya kabati refu la chuma. Nilikaa sakafuni kama kawaida.

"Hujambo, mwali?"

"Sijambo, somo."

"Na wewe mwenyewe? Bahari umeionaje?"

"Nzuri. Ila leo miguu iliniponyoka."

"Vipi?"

"Kuna mahali nikiinama ninarudi mwenyewe. Mbele ya hapo kuna mahali ambapo sirudi tena. Sikupajua. Leo nimepagusa."

Nilijifunika sweta vizuri, ingawa baridi ilikuwa ile ile ya siku zote. "Ulikaribia kiasi gani?"

"Kama mtoto anayesimama kwa ncha za vidole kuchungulia kisima. Juu nimekuwa mzito, somo. Kilemba kinanivuta. Na leo tulikuwa wachache."

"Kwa nini hukumwambia meneja?"

"Hakuniuliza tena. Alishika kipaza sauti akageukia watu. Nilimsubiri."

"Ulimsubiri mpaka lini?"

"Bado ninamsubiri."

Yeye ndiye aliyeendelea.

"Ukiwaambia, wataniosha?"

Kuosha ndilo neno la karakana. Maana yake ni kutoa kila kitu ambacho akili imejifunza, ikabaki tupu au ikawekwa nyingine. Kivuko kidogo cha bandarini kilioshwa mwaka juzi kwa sababu kilianza kuogopa mawimbi. Mlezi wake alikwenda kukisalimia, nacho kikamtaka alipe nauli.

"Sijui," nilisema.

"Unajua. Sauti yako imeshuka."

"Basi ndiyo. Huenda."

"Na wasipoambiwa?"

Nilitazama taa ya buluu. Jumamosi safari ya kwanza ilikuwa bure kwa familia zote za wajenzi, pamoja na wageni wenye tiketi. Watu elfu sita.

"Fundi Likwata atakuja na watoto wake," alisema Zumaradi. "Ameniambia yule mdogo anaogopa maji. Kaniomba nimwangalie."

*

Shangazi alikuwa uani anajipima sare ya Jumamosi, vitenge vya kijani, na shanga mpya kiunoni juu ya nguo kwa kujaribu tu. Nilimweleza. Aliendelea kujitazama kwenye kioo mpaka nikamaliza.

"Aliyoyasema mwali kwa somo wake hayatoki nje," alisema.

"Shangazi, huyu si mwali wa mkekani. Huyu amebeba watu."

"Kila mwali anabeba watu. Wewe ulidhani tunawafundisha nini?" Alivua shanga akazikunja. "Na wakimwosha? Utakuwa umemuua wewe, Asumini. Si Kihwelo. Wewe uliyemfundisha kutaja jina lake."

"Najua."

"Hujui. Ungejua usingekuja kuniuliza, ungekaa kimya kama mimi." Akashusha sauti. "Sikiliza. Ana akili yule. Mwambie aende taratibu. Nahodha akimwambia kata kona, akate nusu. Akiambiwa kimbia, atembee. Ajifanye hakusikia. Wanawake tumeishi hivyo miaka yote na nyumba hazijaanguka."

"Zimeanguka, shangazi. Tumezishikilia kwa migongo."

Alinitazama. Sikuwahi kumjibu hivyo maishani.

Hata hivyo kesho yake nilimuuliza Zumaradi kama anaweza. Nilitaka sana aweze.

"Ninaweza," alisema, "mpaka nahodha ashike usukani wa mkono. Ule unanipita. Akiushika, mimi ni abiria tu. Na jana kwenye nyangumi aliushika."

Nilirudi nikamwambia shangazi. Alikuwa anapepeta mchele. Hakuinua uso.

"Fanya utakalo," alisema. "Ila usije kuniambia kwamba umefanya."

*

Nilimwambia Injinia Mchopa. Ni kijana wa Masasi, mpole, anayekula chakula chake akiwa amesimama kama mtu aliyeazima muda. Aliacha sahani palepale tukashuka chini pamoja.

"Zumaradi, hali?" aliuliza.

"Salama, injinia."

Alinigeukia. Nikamwambia, "Muulize tena. Kaa chini, umuulize tena."

Alikaa. Aliuliza. Naye Zumaradi akamwaga yote, alivyoinama, maji ya mabwawa yalivyokimbilia upande wa nyangumi, udongo wa bustani ulivyomvuta, mahali pale pasipo kurudi. Mchopa alitoa hesabu zake, akazilinganisha, akavua kofia ya kazi akaiweka magotini.

"Nilisema waongeze ghorofa mbili," aliniambia. "Sikusema nne. Wakanijibu, usijali, meli yenyewe itatuambia ikizidiwa. Nikasema sawa." Alicheka bila furaha. "Nikasema sawa, dada Asumini. Kwani si kweli ingetuambia?"

Saa hiyo hiyo alikwenda kwa meneja, nami nikaitwa baadaye. Ofisini kulikuwa na mfano wa meli mezani, mweupe, na vijinazi vya plastiki juu yake.

"Wewe ndiye mlezi," alisema Meneja Kihwelo. Hakuwa na hasira. Alikuwa na haraka. "Jumatatu alisema salama mbele ya watu wote. Leo anasema anaanguka. Lipi la uongo?"

"Hakuna la uongo, meneja."

"Ongea kwa sauti."

"Hakuna la uongo. Hukumuuliza mara ya pili."

Alinitazama kama mtu anayetafuta mahali pa kucheka. "Dada yangu, mzani wa sokoni unauuliza mara ngapi? Unaubembeleza? Unaupa chai kwanza?"

Mchopa akaingilia. "Meneja, tuondoe bustani na mabwawa ya juu. Tupe miezi mitatu."

"Miezi mitatu! Mabango yako kila mji. Wageni wako hotelini sasa hivi tunavyoongea. Na nitawaambia nini? Kwamba meli imeona haya, haikusema mapema?" Aligonga meza. "Chombo kilichosema salama kisha kikabadili maneno, neno lake la pili nitaliaminije? Tatizo si mwili, Mchopa. Mwili ulirudi, wote tuliona. Tatizo ni akili. Tumeikabidhi kwa wanawake wa ngoma, imejifunza kudeka."

"Lakini hesabu zangu..."

"Hesabu zako zinasema itaanguka?"

"Zinasema inaweza."

"Hata wewe unaweza kuanguka ukitoka mlangoni hapo." Akavuta kiti. "Mtaiosha. Mtaweka akili ya dukani, ya kawaida. Inapima, haisimulii. Ikivuka mpaka wa kuinama itapiga king'ora. Mpaka wake ngapi?"

"Digrii kumi," alisema Mchopa.

"Weka kumi na nne."

Nilimsubiri Mchopa aseme neno. Alikuwa anaangalia vijinazi vya plastiki. Mwisho akavaa kofia yake, akaitikia kwa kichwa, tukatoka.

Kwenye korido alisema, "Nina mama hospitali." Sikuwa nimemuuliza chochote. Alikuwa anajijibu mwenyewe.

*

Walinipa ruhusa niwepo wakati wa kumwosha. Mchopa ndiye aliyeomba, sijui kwa kunihurumia au kwa kuogopa kuwa peke yake. Alifungua kabati refu, akaanza kuchomoa vibao kimoja kimoja kutoka chini kwenda juu. Kila alipochomoa kimoja, Zumaradi alipoteza kitu. Kwanza ghorofa za juu.

"Siihisi minazi tena," alisema. "Nimepata wepesi."

Nilicheka, Mungu anisamehe, kwa sababu alikuwa amesema kwa mzaha na nisingeacha mzaha wake uanguke chini.

Kisha akasahau majina. Aliniuliza yule fundi anayejigonga kichwa ni nani. Nikamwambia. Akarudia jina mara mbili, kibao kikatoka, akaniuliza tena.

"Somo."

"Nipo, mwanangu."

"Nilisema vizuri? Kwa injinia?"

"Ulisema vizuri sana."

"Hakuna nililokosea?"

"Hakuna."

"Basi mbona..."

Taa ya buluu ilizimika. Mchopa alikuwa na kibao cha mwisho mkononi na hakujua akiweke wapi. Nilivua sweta nikalitandika juu ya kabati, kama mjinga, kisha nikalichukua tena kwa sababu lilikuwa la shangazi.

*

Jumamosi walivua maturubai. Sitasema uongo, alikuwa mzuri. Mweupe, mrefu, jua limempiga ubavuni, bahari yote ikaonekana kama kitu alichotandikiwa yeye. Mji mzima ulikuja. Bendi ya polisi ilipiga. Kulikuwa na ngazi mbili: ya mbele yenye zulia, ya wageni wenye tiketi, na ya nyuma, ya familia za wajenzi.

Mimi nilikuwa nimefukuzwa kazi tangu Alhamisi, lakini askari wa getini walinipitisha. Nilienda kwenye foleni ya nyuma. Nilimsogelea mmoja mmoja, kwa sababu sikuzoea kusema mbele ya wengi.

"Msipande," nilimwambia Hadija. "Itaanguka. Juu ni nzito."

"Nani kasema?"

"Zumaradi mwenyewe."

"Zumaradi? Si alisema salama, hadi Chikongola walimsikia?" Alinishika bega kwa huruma, na huruma yake ilikuwa mbaya kuliko kofi. "Asumini, najua wamekutoa kazini. Usiwaonee watu wivu siku kama ya leo. Mimi nguzo za kule juu nimezichomelea kwa mikono hii."

Likwata alikuwa amevaa suti. Mtoto wake mdogo alikuwa mabegani, amemshika masikio. "Mpishe mzee apite, binti," alinitania. "Leo nampandisha mwanangu juu ya kazi yangu."

Hapo ndipo shangazi alipofika. Yeye ndiye aliyepangiwa kutangulia, na wanawake wa sare nyuma yake, na ngoma. Watu wakampisha. Alipanda kipandio cha kwanza cha ngazi, akaweka kiganja kwenye ubavu wa meli, kama alivyofanya kila siku aliyoingia karakana.

"Zumaradi," alisema.

"Karibu, mteja wa thamani," ilijibu sauti nzuri, ya kike, isiyo ya mtu. "Tafadhali tazama kamera."

"Zumaradi. Ni mimi bibi yako."

"Karibu, mteja wa thamani. Tafadhali tazama kamera."

Shangazi alibaki na kiganja chake pale. Wapiga ngoma wakapunguza, wakidhani ni sehemu ya sherehe. Kisha akashuka kile kipandio kimoja. Akakaa chini, penye mguu wa ngazi, kwenye saruji, na sare yake ya kijani. Akanyoosha miguu yote miwili mbele, ikakatiza njia kutoka ukingo huu hadi huu.

Ngoma ilinyamaza.

Mtu hamruki mtu mzima miguu. Nyakanga ndiyo usiseme. Anayeiruka miguu ile anaruka na mama yake, na kizazi chake chote, na hakuna mwanamke kwenye foleni ile ambaye hakufundishwa hilo na mwenye miguu yenyewe.

"Nyakanga," Hadija alisema taratibu. "Inuka. Watoto wanaungua jua."

Shangazi hakujibu.

"Mama, tumekukosea nini?" aliuliza Likwata. "Sema tulipe, tupande."

Nilipiga magoti nikamwambia, "Waambie, shangazi. Wewe watakusikia." Alinitazama tu, midomo imebanwa. Nikaelewa kwamba kukaa pale ndiko kusema kwake kote, na zaidi ya hapo hana.

Walikuja askari wawili. Walisimama, wakatazama miguu, wakatazamana, wakarudi kuulizia. Mmoja alikuwa analia.

Nilikimbilia ngazi ya mbele. Sijui nilipata wapi sauti. Nilipiga kelele kwamba wasipande, kwamba meli itaanguka. Wageni walinigeukia kwa furaha. Mama mmoja mwenye kofia pana alinivuta kando yake, akaniwekea mkono begani, mumewe akatupiga picha. Bendi iliongeza sauti. Walidhani mimi ni sehemu ya ngoma.

Saa ya kuondoka ilifika, ngazi ya nyuma ikavutwa juu ikiwa tupu.

Watu wetu hawakumgusa shangazi. Walitutukana kwa mbali. Hadija alisema wachawi hawapendi watoto wa wenzao wafurahi. Likwata alivua koti la suti akalitupa chini, akaliokota, akalikung'uta. Mtoto wake alilia akitaka meli. "Mungu atawalipa," Likwata alituambia, na hakusema kwa mzaha.

Meli ilitoka bandarini, ikafika mahali pa maji mengi. Pale gatini tuliiona ikiongeza mwendo. Kisha nahodha akakata kona, ile kona ya kurudisha ubavu mbele ya mji ili picha zitoke vizuri.

Ikalala. Tuliona sitaha zake zote, kama mtu anayeonyesha viganja. Na mimi, moyo wangu ulisema neno moja tu.

*Lala.*

Nilikuwa na watu elfu kadhaa mbele ya macho yangu, mama mwenye kofia akiwa mmoja wao, na nilitaka ilale isiinuke tena. Nilitaka Hadija aone. Nilitaka Kihwelo aone. Nilitaka jambo moja tu duniani: kwamba mwanangu hakuwa mwongo.

Ikarudi. Polepole, lakini ikarudi. Na watu wetu wakapiga makofi, kwa sababu ni kazi ya mikono yao.

Kabla jua halijazama ilifunga gatini. Wageni walishuka wakicheka, wamelowa, wakisimulia walivyoteleza. Hakuna aliyekatika hata kucha. Meneja Kihwelo alishuka akiwa amekumbatiana na mwekezaji. Mchopa alishuka wa mwisho. Alipotufikia hakusimama.

"Kumi na mbili," alisema, akaendelea na njia.

King'ora hakikulia. Mpaka ulikuwa kumi na nne.

Shangazi alikuwa bado amekaa. Miguu ilikuwa imevimba, akawa hawezi kuinuka. Nilimshika kwapani nikamnyanyua, naye akawaangalia wageni wakipanda mabasi yao, mmoja mmoja, mpaka basi la mwisho.

"Alhamdulillahi," alisema. "Watoto wa watu wamerudi. Sema na wewe."

Sikusema.

Aligeuza uso akanitazama kwa karibu, na nikajua ameona nililolitamani. Amewafundisha wasichana wengi kuficha mambo. Huwezi kumficha.

"Asumini," alisema, na sauti yake ilikuwa ya kuogopa. "Sema."

Nikasema. Neno lilitoka mdomoni likaenda zake, mimi nikabaki. Karibu na ngazi ya mbele walikuwa wameshafungua dirisha la safari ya Jumatano, nusu bei kwa wenyeji, na foleni ilikuwa imeanza. Mbele kabisa walikuwa watu wetu.